Spea za bei poa kwenye rejeta: kilima cha Tukuyu hakidanganywi

Gari linalotoka Kyela mjini kwenda Mbeya huanza safari likiwa karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Likishapita Ibanda, barabara huanza kupanda. Tukuyu iko kwenye mita kama 1,500. Baada ya Kiwira njia inaendelea kukwea hadi kuvuka mita 2,000 huko Isongole, kwenye viazi na baridi, ndipo inashuka kuelekea Uyole. Abiria aliyetoka Kyela akijipepea kwa gazeti hufika juu akitafuta sweta.

Wazazi wengi wa Kyela, Ipinda na Matema hawaipandi njia hiyo kwa matembezi. Wanaipanda kwa sababu mtoto anarudi shule ya bweni, mama mjamzito amepewa rufaa, babu anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au kuna msiba Rungwe. Ndani ya gari huwa kuna watoto, mgonjwa, mizigo, kiroba cha mchele na dumu la maji. Ni siku ambayo familia haiwezi kumudu gari kusimama njiani. Na mara nyingi ndiyo siku gari linachemsha.

Gari likichemsha, lawama huangukia mlima, jua la Kyela au uzee wa gari. Ni kweli vyote hivyo vina mchango wake. Lakini ukifungua boneti mara nyingi utakuta jambo jingine: spea ndogo iliyonunuliwa kwa bei poa miezi michache kabla. Inaweza kuwa mfuniko wa rejeta, mpira wa maji, pampu, feni au chupa ya kulanti ambayo ndani yake kuna maji na rangi tu.

Kwa nini mjini halichemshi, mlimani linachemsha?

Swali hili huwachanganya wazazi wengi. Gari limezunguka Kyela mjini mwezi mzima, limekwenda sokoni, limepeleka watoto shule, halijasumbua. Siku ya safari, kabla hata ya kuiona Tukuyu, moshi mweupe unatoka mbele.

Jibu liko kwenye jambo ambalo kila mpishi wa nyanda za juu analijua, hata kama hajawahi kulieleza kwa namba. Maji huchemka mapema zaidi kadiri unavyopanda. Pwani yanachemka kwenye nyuzijoto 100. Kyela ni kama 98. Tukuyu ni kama 95. Juu ya Isongole ni kama 93. Ndiyo sababu maharage huchukua muda mrefu kuiva huko juu. Maji yanatokota, lakini hayajapata moto wa kutosha.

Injini ya gari nayo, ikiwa nzima kabisa, hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 85 hadi 95 hivi, na ikipandisha mlima na mzigo inaweza kupita hapo. Maana yake ni kwamba bila msaada, maji yaliyo ndani ya rejeta yangechemka kila siku. Msaada huo ni mfuniko wa rejeta.

Mfuniko huo haukuwekwa kuzuia vumbi tu. Ndani yake una springi na mpira unaobana maji yakae kwenye mgandamizo. Maji yaliyobanwa hayachemki upesi. Mfuniko mzima wa kiwango cha 0.9, ambacho magari mengi ya Japan hutumia, unayawezesha maji ya Kyela kufika nyuzi kama 117 kabla ya kuchemka, na hata juu ya Isongole yafike kama 115. Kulanti halisi ikichanganywa na maji kwa kipimo chake inasogeza mbele zaidi.

Sasa mfuniko wa bei poa una springi laini, au mpira unaokakamaa mapema. Kwa macho umefunga vizuri. Ukweli ni kwamba haubani chochote. Mjini Kyela, gari likiwa jepesi na safari fupi, maji yanaweza kubaki chini ya nyuzi 98 na mzazi asione dalili yoyote. Likianza kupanda, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: injini inapata moto zaidi kwa sababu ya mzigo, na kiwango cha maji kuchemka kinashuka kwa sababu ya mwinuko. Vinakutana katikati ya kilima. Hewa ya baridi ya Rungwe inasaidia kidogo, lakini haiwezi kurudisha maji yaliyokwisha kutoka kwa mvuke.

Kwa hiyo gari kutochemsha mjini hakuthibitishi kwamba spea ni nzuri. Inathibitisha tu kwamba bado haijapimwa.

Spea moja moja, na inavyoleta hasara

Mpira wa maji ndio unaopeleka maji ya moto kutoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta na kuyarudisha. Ulio mzuri una nyuzi ndani yake, kama tairi lilivyo na kamba zake, ili usivimbe maji yakibanwa. Wa bei poa mara nyingine ni mpira mtupu. Siku za kwanza unaonekana mpya na mweusi. Baada ya muda unavimba kama puto, kisha unapasuka kwenye kibano, na maji yote yanaisha ndani ya dakika chache.

Pampu ya maji ndiyo inayoyazungusha. Iliyotengenezwa ovyo ina beringi dhaifu na mapanga mepesi yanayolika. Kwenye baadhi ya injini, kama ile ya 3S iliyomo katika Noah nyingi za zamani, pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi. Beringi ikikwama, inaweza kuharibu au kukata mkanda huo, na injini inazima papo hapo. Kwenye injini za aina nyingine, mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, na hapo hakuna mazungumzo tena ya kubadilisha pampu. Ni injini nzima.

Rejeta yenyewe hupoza maji kwa kuyapitisha kwenye mirija myembamba yenye mapezi ya bati yanayopigwa na upepo. Rejeta ya bei poa inaweza kuwa na umbo lilelile na matundu ya boliti yaleyale, lakini mirija yake ni michache, mapezi yamepangwa kwa nafasi kubwa, na bati ni jembamba. Inapoza, ila si kwa kiasi ambacho gari lenye watu saba na mizigo linahitaji kwenye kilima.

Feni ina kazi kubwa zaidi kwenye barabara hii kuliko wengi wanavyodhani. Gari likienda kasi, upepo wa mbele unapoza rejeta wenyewe. Lakini njia ya Kyela kwenda Mbeya ndiyo njia ya malori ya mpaka wa Kasumulu. Gari dogo likikwama nyuma ya lori linalopanda polepole, upepo haupo, injini inafanya kazi kubwa, na kinachobaki ni feni. Mota yake ikiwa dhaifu, sindano ya joto itaanza kupanda hapohapo.

Themostati ni mlango mdogo unaoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kisha unafunguka, kwa magari mengi kwenye nyuzi 82 au 88. Ya bei poa huweza kugoma kufunguka. Kwa sababu hiyo kuna ushauri unaozunguka sana kwenye gereji za maeneo ya joto: "Mama, huku kwetu ni joto, hii haina kazi, tuitoe tu."

Ushauri huo una madhara mawili. Kwanza, injini hukaa na ubaridi isioutaka, hasa ikifika Rungwe, ikanywa mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Pili, injini nyingi za Toyota zina themostati ambayo ikifungua njia ya rejeta inaziba njia ya mkato. Ikitolewa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha kuliko mwanzo. Dawa ya themostati mbovu ni themostati nzima.

Kulanti nayo ina kazi mbili zaidi ya kuzuia maji yasichemke mapema: inazuia kutu na inalainisha pampu. Chupa yenye maji ya rangi ya kijani haifanyi lolote kati ya hayo. Rangi peke yake si kipimo, kwa sababu kila kiwanda huchagua rangi yake. Maji ya kisima au ya mto, yaliyozoeleka kujaziwa njiani, yana chumvi na tope vinavyoganda kwenye mirija kama magamba ndani ya birika. Nao wanaomimina bizari au unga mwingine ili kuziba tundu wanaziba tundu pamoja na mirija mizima.

Hesabu ya nyumbani

Haifai kumcheka mzazi anayenunua spea ya bei poa. Fedha za familia nyingi za Kyela huja kwa msimu, wa mpunga au wa kakao, na spea haingoji msimu. Ada ya Januari haijaisha, mtoto anataka viatu, na fundi anasema rejeta imetoboka. Muuzaji akiweka mezani mifuniko miwili inayofanana, mmoja Sh8,000 na mwingine Sh30,000, mkono utaenda kwenye wa Sh8,000.

Bei hizo ni za mfano tu, lakini hesabu inayofuata ni ya kweli kwa mwenye gari yeyote. Injini nyingi za magari madogo ya sasa zina kichwa cha aluminiamu, kile mafundi wanachokiita silinda hedi. Aluminiamu ikizidiwa na joto inapinda. Ikipinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili au kwenye silinda. Kazi ya kuishusha hedi, kuipeleka kusawazishwa, kununua gasketi, oili na kulanti mpya, na kumlipa fundi, huhesabiwa kwa laki, si kwa elfu. Ikishindikana, inanunuliwa injini ya mtumba. Tofauti ya Sh22,000 imezaa deni la miezi mingi, na bado safari ya hospitali ilikatizwa.

Hilo halina maana kwamba kila kisicho na jina la kiwanda cha gari ni kibaya. Wazazi wafahamu kuna makundi manne ya spea sokoni, na watu huyachanganya. Kuna orijino, iliyotoka kwa mtengenezaji wa gari. Kuna ya kampuni nyingine inayojulikana, inayouza kwa jina lake na kulilinda jina hilo. Nyingi kati ya hizo ni nzuri na bei yake ni ya kati. Kuna ya mtumba, iliyotolewa kwenye gari jingine. Na kuna feki, iliyovishwa boksi na nembo ya watu wengine.

Kwa mfuko mdogo, rejeta ya mtumba iliyokuwa orijino, ikipimwa na fundi kwa kujazwa maji na upepo, inaweza kuwa bora kuliko mpya isiyo na jina. Rejeta ya zamani ya shaba inachomelewa vizuri na fundi anayeijua kazi. Lakini mfuniko, mipira na themostati visinunuliwe mtumba, kwa sababu mpira na springi huchoka hata vikiwa kwenye gari lililosimama.

Namna ya kununua bila kuwa fundi

Mzazi hahitaji kujua injini ili asidanganywe. Anahitaji uvumilivu wa dakika kumi dukani.

Spea ya zamani isitupwe kabla mpya haijapatikana. Iende dukani, iwekwe kaunta kando ya mpya, zilinganishwe uzito, unene wa bati, idadi ya mapanga, nyuzi za ndani ya mpira. Mfuniko una namba ya mgandamizo juu yake, kwa kawaida 0.9 au 1.1. Namba ya mpya iwe sawa na ile iliyopangwa kwa gari hilo. Ndogo inachemsha maji mapema. Kubwa kupita kiasi inapasua mipira na rejeta iliyochoka.

Muuzaji apewe namba ya chesesi ya gari, siyo jina la gari tu. "Nipe ya Noah" haitoshi, maana Noah ziko za injini tofauti.

Boksi liangaliwe: herufi zilizofifia, jina la kampuni lililokosewa herufi moja, karatasi ya kunata iliyobandikwa juu ya nyingine. Bei iliyo chini mno kuliko maduka mengine yote nayo ni taarifa.

Risiti ya EFD idaiwe, na iandikwe jina la spea. Bila risiti, hakuna wa kumrudia. Mwenye duka anayekataa kutoa risiti kwa spea ya maelfu ya shilingi ameshajibu swali la ubora kabla ya kuulizwa.

Fundi akinunua kwa niaba ya mwenye gari, mwenye gari aombe boksi, risiti na spea ya zamani. Fundi mwaminifu hachukii. "Fundi, naomba unirudishie ile ya zamani na boksi la hii" ni maneno ya heshima, na yanatosha.

Kwa upande wa sheria, kuuza bidhaa yenye nembo ya kughushi ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayofuatilia bidhaa bandia. Viwango vya ubora viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lenye ofisi ya kanda Mbeya. Malalamiko yenye risiti na boksi mkononi husikilizwa kwa uzito kuliko maneno matupu.

Dalili ambazo mama au mtoto mkubwa anaweza kuziona

Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, chupa ya akiba ya maji iangaliwe. Ina alama mbili, ya juu na ya chini. Maji yakipungua kila wiki, yanakwenda mahali. Matone chini ya gari, ukungu wa rangi kwenye maungio ya mipira, au zulia lililolowa miguuni mwa abiria wa mbele ni dalili za kuvuja.

Oili ikionekana kama chai ya maziwa kwenye kifuniko chake, au bomba la moshi likitoa moshi mweupe mzito wenye harufu tamu hata injini ikishapata moto, gari lisisafiri. Liende gereji.

Baadhi ya magari madogo hayana sindano ya joto kwenye dashibodi. Yana taa mbili tu: ya bluu injini ikiwa ya baridi, na nyekundu ikizidiwa. Taa nyekundu ikiwaka, muda wa kufikiria umekwisha. Na hata lenye sindano linaweza kudanganya: maji yakiisha kabisa, kipimo kinabaki kwenye hewa na kinaweza kuonyesha joto la kawaida wakati injini inaungua. Kwa hiyo harufu na mlio visipuuzwe kwa sababu tu sindano imetulia.

Kwa wanaowapandisha watoto wao Noah au Coaster kwenda shule, kuna dalili inayoonekana bila kufungua boneti. Gari ambalo dereva wake ana madumu ya maji miguuni, anayesimama kila kijito kujaza, tayari ni gonjwa. Mzazi ana haki ya kumwambia kondakta, "Kaka, mtoto huyu atapanda gari jingine," na kudai nauli yake.

Likichemsha na watoto wamo ndani

Hapa ndipo spea ya bei poa inapogeuka kuwa ajali ya watu.

Dereva azime kiyoyozi. Akihitaji mita chache kufika mahali salama, afungulie hewa ya moto ya ndani kwa nguvu yote. Inaudhi, lakini inatoa joto kwenye injini. Kisha asimame pembeni mbali na kona, azime injini, avute breki ya mkono na kuweka mawe kwenye magurudumu kama ni mteremko. Watoto washuke upande usio wa barabara, wakae mbali na gari. Pembetatu iwekwe nyuma. Mawe hayo yaondolewe wakati wa kuondoka, kwa sababu jiwe lililoachwa barabarani usiku ni msiba wa familia nyingine.

Mfuniko wa rejeta usifunguliwe. Maji yaliyobanwa kwenye nyuzi zaidi ya 100 yakiachiwa ghafla hugeuka mvuke na kuruka usoni, kifuani na mikononi mwa aliyefungua na mtoto aliyesogea kuchungulia. Kitambaa hakizuii. Maji ya baridi yasimwagiwe injini ya moto, maana yanaweza kuipasua. Kusubiri nusu saa ni kidogo. Saa moja ni salama zaidi. Ishara ni kwamba mpira wa juu wa maji umelegea na mkono unaweza kukaa juu ya mfuniko bila kuungua.

Mtu akiungua, sehemu hiyo imwagiwe maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Nguo, saa na bangili vitolewe, isipokuwa nguo iliyogandia ngozi. Dawa ya meno, mafuta, asali, unga na yai visipakwe. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto apelekwe hospitali, hasa akiungua uso, mikono au sehemu kubwa ya mwili. Hiyo ndiyo kazi halisi ya dumu la maji safi ndani ya gari, hata kama rejeta ni nzima.

Sumu tamu ndani ya chupa ya soda

Jambo la mwisho linahusu nyumbani. Kulanti nyingi zina kemikali iitwayo ethilini glaikoli. Ni sumu, na ladha yake ni tamu. Kemikali hiyo na ndugu yake wa karibu ndizo zilizokutwa kwenye dawa za kikohozi ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitolea tahadhari Oktoba 2022, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 60 nchini Gambia kuhusishwa nazo. Kwenye kulanti imewekwa kwa makusudi na kwa wingi.

Kulanti iliyobaki huwekwa kwenye chupa ya soda au ya maji, ikaachwa chini ya kitanda au kwenye kona ya jiko. Ina rangi ya kijani, nyekundu au bluu, kama juisi. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kujua tofauti. Funda chache zinaweza kuharibu figo zake. Mwanzoni anaonekana kama amelewa, anayumba, anatapika. Baadaye kidogo anaweza kuonekana ametulia, na hapo wazazi wengi hupumua, ilhali madhara yanaendelea ndani.

Mtoto aliyekunywa, au anayedhaniwa amekunywa, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Asitapishwe kwa lazima. Tiba ipo, lakini inafanya kazi vizuri ikianza mapema, kabla figo hazijaumia.

Kulanti ibaki kwenye chupa yake yenye maandishi, ikae juu mtoto asikofika. Iliyomwagika gereji au uani ifutwe na kuoshwa, maana mbwa nao huivutiwa. Iliyotolewa kwenye gari isimwagwe mtoni wala kando ya ziwa ambako watu huteka maji.

Kabla ya safari ijayo

Yapo mambo matano ya kufanya siku tatu kabla ya kupanda kilima, siyo asubuhi ya safari. Kuangalia maji injini ikiwa ya baridi. Kuminya mipira yote ya maji, na kuukataa uliovimba, uliopasukapasuka au ulio laini kama ndizi mbivu. Kufungua mfuniko ukiwa wa baridi na kuangalia kama mpira wake umekatika na springi yake imelegea. Kuliacha gari likiunguruma limesimama hadi feni iwake yenyewe. Kuweka ndani ya gari dumu la maji safi, pembetatu na namba ya simu ya fundi aliye njiani, Tukuyu au Kiwira.

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, kiwe mfuniko mzuri wenye namba sahihi. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote zilizotajwa hapa, na ndiyo inayoamua maji yachemke wapi. Mwezi ujao iwe mipira, kisha kulanti halisi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa gari la familia ya Kyela ufa huo unazibwa dukani na gereji, watoto wakiwa bado nyumbani.